Atomu: Karne Moja ya Mashaka

Historia ya atomu husimuliwa kama mbio za kupokezana vijiti: Democritus kwa Dalton, Dalton kwa Thomson, Thomson kwa Rutherford. Simulizi hiyo inaruka miaka mia moja ambayo wanakemia waliitumia atomu kila siku huku wengi wao wakikataa kuwa ipo.

Wazo lenyewe ni kongwe. Karne ya 5 KK, Leucippus na Democritus wa Abdera walifundisha kuwa vitu vyote ni chembe zisizogawanyika, zikitembea katika utupu. Wahindi wa shule ya Vaisheshika walikuwa na chembe zao. Huko Basra, karne ya 9, Abu al-Hudhayl alishikilia kuwa maada haigawanyiki bila kikomo. Mwanafunzi wake al-Nazzam akampinga waziwazi. Mijadala ilikuwa mikali, lakini hakuna aliyeshika mizani.

Mizani aliishika John Dalton, mtoto wa mfumaji, mwalimu mjini Manchester, aliyeandika hali ya hewa kwa zaidi ya miaka 50. Hewa ndiyo iliyompa swali: mbona gesi nzito na nyepesi huchanganyika badala ya kujipanga kwa matabaka? Akilitafutia jibu, mwaka 1803 alikuwa na jedwali lake la kwanza la uzani wa atomu, haidrojeni ikiwa 1. Kitabu kikafuata mwaka 1808. Ila alikisia kuwa maji ni atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, na kisio hilo likavuruga hesabu za oksijeni na za vingine vingi. Amedeo Avogadro alitoa ufunguo wa kusahihisha hesabu hizo mwaka 1811, ukapuuzwa. Ilibidi Stanislao Cannizzaro aufufue katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, mwaka 1860, akisikilizwa na kijana Mendeleev.

Hata hapo shaka haikwisha. Wilhelm Ostwald, mkemia mkubwa wa Leipzig, aliona nishati inatosha kueleza kila kitu. Ernst Mach naye hakuona sababu ya kukiamini kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Wengi huwacheka leo. Mimi naona walidai haki yao, yaani ushahidi. Ludwig Boltzmann, aliyeitetea atomu kwa hesabu, alifariki mwaka 1906 bila kuushuhudia ushindi.

Ushahidi ulitoka kwenye tone la maji. Mwaka 1827 Robert Brown alikuwa ameona chini ya hadubini vipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikitikisika bila kutulia. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli za maji zikivigonga kutoka kila upande, zitavisogeza kwa kiasi kinachopimika. Jean Perrin, mjini Paris, akapima. Alitengeneza vipunje vya utomvu wa manjano vyenye ukubwa unaolingana, akavitia majini, akavihesabu kwa subira katika vina mbalimbali. Vilipungua kuelekea juu kama hewa ipunguavyo mlimani, na kutokana na upungufu huo akapata idadi ya molekuli katika moli moja, iliyokaribiana na ile iliyopatikana kwa njia nyingine kabisa. Ostwald alisalimu amri hadharani mwaka 1909.

Wakati huo Thomson alikuwa ameshachomoa elektroni, tangu 1897. Na mwaka huohuo wa 1909, Geiger na Marsden, chini ya Rutherford, walikuwa Manchester wakirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: karibu uzito wote wa atomu umejazana katika kiini kidogo mno.