Nakshi na Maandishi: Ukuta wa Maktaba ya Aleksandria

Tuzungumzapo juu ya maktaba, aghalabu huzungumzia vitabu na kuusahau ukuta unaovihifadhi. Katika mhadhara huu napenda tuanze na ukuta.

Maktaba mpya ya Aleksandria, nchini Misri, ilizinduliwa Oktoba 2002 ili kuihuisha kumbukumbu ya maktaba ya kale ya Waptolemi. Ramani yake ilitokana na shindano la kimataifa la mwaka 1989, ambalo kampuni ya Snøhetta ya Norwei iliibuka mshindi. Paa lake ni duara lenye kipenyo cha mita 160, lililoinamia upande wa bahari. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya matale kutoka Aswan, nao umechongwa alama za hati 120 za walimwengu.

Ni vigumu kumpata msomi awezaye kuzisoma hati zote hizo. Kila asimamaye pale huwa msomaji wa hati mbili tatu, na kwa zilizosalia huwa mtazamaji tu. Msanii ameichukua herufi, ambayo ndiyo mali ya maktaba, akaigeuza nakshi.

Sanaa hii si ngeni katika pwani yetu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kibla kimepambwa kwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hata hivyo, mchongaji wa Kizimkazi hakuitenga nakshi na maana: pambo lenyewe lilikusudiwa lisomwe.

Hapa ndipo linapojitokeza tatizo letu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahifadhi miswada ya tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ikiwamo ile iliyokusanywa na J. W. T. Allen. Mwanafunzi aliyefunzwa herufi za Kirumi pekee akiufungua mswada huo, huona wino uliopangika vizuri, asione ubeti. Anasimama mbele ya urithi wake kama mgeni mbele ya ukuta wa Aleksandria.

Kujifunza herufi zenyewe si kazi kubwa. Ugumu uko kwingine: katika miswada mingi ya kale, herufi moja ya *ba* husimama badala ya *b*, *p* na *mb*, na anayeamua ni msomaji aijuaye lugha na arudhi. Kwa hiyo kazi hiyo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na yafaa ifundishwe katika shahada ya kwanza.