Mnyama wa porini ni wa nani? Uzi kuhusu twiga, simba Elsa, kasuku na chungu

1. Kila mjadala wa wanyamapori ukianza, kuna mmoja atasema: "Wazungu walifuga simba wakasifiwa, sisi hata kasuku tunakatazwa." Mwingine anajibu: "Sheria ni sheria." Halafu ni matusi tu. Leo nawaomba turudi nyuma kidogo. Sitaji chama wala mtu.

2. Biashara hii haikuanza jana. Mwaka wa 1415 Malindi ilipeleka twiga hai hadi China, kwa mfalme wa ukoo wa Ming. Kule walimchukua kuwa mnyama wa baraka. Kwa Malindi ilikuwa siasa: zawadi ya kutafuta urafiki wa mkubwa. Twiga mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

3. Ruka hadi 1956. Ofisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni, George Adamson, alimuua simba jike aliyemrukia, kisha akakuta ana watoto watatu. Yeye na mkewe Joy wakawalea nyumbani. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, na wa tatu ndiye Elsa, wa kitabu na filamu.

4. Sasa jiulize: mwaka huo huo, Mkamba au Mmeru angeonekana na mtoto wa simba uani, angeandikiwa kitabu ama angefunguliwa kesi? Hapo nawaelewa wenye hasira. Sheria za kikoloni zilimgeuza mwindaji wa kijijini kuwa jangili, huku mgeni mwenye leseni akiwinda kwa raha zake.

5. Lakini tusidanganyane, hadithi haikuishia hapo. Ni Kenya huru iliyopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na biashara ya pembe, ngozi na vinyago vyake mwaka wa 1978. Sheria ya 2013 nayo inasema huwezi kuweka mnyama wa porini bila kibali. Hiyo tumeitunga wenyewe.

6. Mimi siko nje ya jambo hili. Nyanya yangu Mombasa alikuwa na kasuku wa kijivu. Alimnunua kwa baharia, na hatukuona ubaya wowote. Baadaye ndipo nikasoma: ndege hawa hunaswa misitu ya Kongo na nchi jirani, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka wa 2016, mkutano wa CITES Johannesburg ulifunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Yule wa nyanya ni yule aliyepona. Wenzake sikuwahi kuwafikiria.

7. Halafu 2025 ikaja kesi ya chungu. Ndiyo, chungu, wadudu! Vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia karibu 5,000 ndani ya mirija yenye pamba. Kuna watu ng'ambo wanaofuga chungu kwenye vioo. Mahakama iliwatoza wao na wenzao wawili, mmoja wao Mkenya, shilingi milioni moja kila mmoja au jela miezi 12. Wengi tulicheka. Lakini ukichukua malkia umechukua kichuguu kizima ambacho kingezaliwa.

8. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "turuhusu watu wafuge, wauze, watajirike", usimpigie makofi wala usimzomee. Muulize: Mnunuzi wa mwisho ni nani, na aliyemnasa mnyama anabaki na nini? Wangapi wanakufa njiani? Mnyama akimshinda mwenyewe, anapelekwa wapi? Na akikwambia "tufunge kila kitu", muulize mkulima aliyeliwa mbuzi na fisi analipwa lini.

9. Msimamo wangu: dhuluma ya ukoloni ni kweli, na dawa yake ni haki kwa wanaoishi na wanyama hawa, fidia na mgao wa mapato. Kutupa sisi pia nafasi ya kumfungia ndege kwenye tundu si haki. Ni kugawana kosa.

10. Nyanya alifariki. Kasuku alibaki, kwa sababu kasuku huishi miaka 40 na zaidi. Kwa miezi aliita majina yetu kwa sauti yake, akajing'oa manyoya kifuani hadi ngozi ikaonekana. Mama alikuwa akifunga mlango wa jikoni asisikie. Hapo ndipo nilipoacha kusema, "Lakini tulimpenda."