Petroli ya Virunga: waliosema hapana, na mlango ambao haujafungwa

Mwezi wa Aprili 2025 mbuga ya Virunga ilitimiza miaka 100. Wengi wa watu wanaoishi pembeni yake hawakuwa nyumbani kuihesabu miaka hiyo. Wengine walikuwa kwa jamaa Goma, wengine Lubero na Beni, wengine wamevuka mpaka kwenda Uganda. Ndiyo sababu tunaandika historia hii leo: ardhi ambayo mumeiacha nyuma yenu imeshatakiwa mara nyingi na watu wenye mikataba, na mara nyingi kuna waliosimama wakauliza. Ni vizuri tujue ni akina nani, walishinda nini, na nini hakikushindwa.

Mpaka uliochorwa bila wenyeji

Mbuga ilianza tarehe 21 Aprili 1925, kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji, Albert wa Kwanza. Iliitwa mbuga ya Albert, na ndiyo ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Kwanza ilikuwa sehemu ndogo ya milima ya volkano, kwa ajili ya sokwe. Baadaye Wabelgiji waliipanua mpaka bonde la Rutshuru, Ziwa Edward na mto Semliki. Mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga, mwaka 1979 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi walipoingia kutoka Rwanda, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Leo ina kilomita za mraba karibu 7,800.

Wazee wa Rutshuru na Lubero hawakusahau namna mpaka huo ulivyochorwa. Mashamba na malisho yaliingia ndani ya mbuga, na ugomvi kuhusu nguzo za mpaka unaendelea hadi leo. Kwenye Ziwa Edward sheria iliacha vituo vitatu tu vya uvuvi: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Tunalisema mapema kwa sababu wale waliotaka petroli walilitumia sana. Walikuja wakisema: mbuga iliwanyang’anya ardhi, haikuwapa kitu, sisi tunaleta barabara na kazi. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa hiyo liliingia masikioni.

Mkataba unafika

Mwaka 2006 serikali ilitia sahihi mkataba wa bloki ya tano na kampuni ya Uingereza, SOCO International, pamoja na washirika wake, na kampuni ya taifa Cohydro ikiwemo. Juni 2010 rais Joseph Kabila aliupitisha kwa agizo. Bloki hiyo ilishika Ziwa Edward na sehemu kubwa ya mbare zake. Kampuni ya Ufaransa, Total, nayo ilikuwa na bloki ya tatu upande wa kaskazini. Ukiziweka bloki zote juu ya ramani, zilifunika karibu asilimia 85 ya mbuga.

Hapo swali la sheria likatokea. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 22 Agosti 1969 ilikuwa bado inafanya kazi, na ilikataza kuchimba na kubadilisha ardhi ndani ya mbuga. Kongo pia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa dunia. Basi mkono mmoja wa serikali ulikuwa umekataza, na mkono mwingine ulikuwa umetoa ruhusa.

Waliosema hapana

Watu wengi wanadhani kwamba ni wazungu peke yao waliozuia petroli ya Virunga. Si hivyo. Kati ya waliosema hapana mwanzoni alikuwa waziri wa Kongo. Machi 2011 José Endundo, waziri wa mazingira, alikataa karatasi za kampuni kuhusu madhara kwa mazingira, akisema hazitoshi, na akasimamisha shughuli mpaka uchunguzi mpana ufanyike kwa bonde lote. Lakini kabla ya mwaka huo kumalizika, kampuni ilikuwa imepewa tena ruhusa ya kuanza vipimo. Hapo tulijifunza kwamba neno la waziri mmoja linaweza kufutwa na sahihi ya mkubwa mwingine.

Wa pili walikuwa watu wa ziwa wenyewe. Mashirika ya raia ya Goma na ya vituo vya uvuvi yalienda nyumba kwa nyumba yakieleza. Hoja yao ilikuwa rahisi, na kila mvuvi aliielewa: petroli ikimwagika, samaki hawatakuwa wa mtu yeyote. Shirika la WWF lilihesabu watu zaidi ya 50,000 wanaotegemea Ziwa Edward. Na maji hayabaki pale: mto Semliki unayatoa Ziwa Edward na kuyapeleka Ziwa Albert. Si wavuvi wote walikuwa upande mmoja. Wako waliotumaini kazi, na wako wanasiasa wa jimbo waliosema wazi kwamba umaskini hauwezi kungoja sokwe. Mjadala ulikuwa wa kweli, wa Wakongomani kwa Wakongomani.

Wa tatu walikuwa walinzi wa mbuga. Mmoja wao, Rodrigue Mugaruka Katembo, alikuwa mkubwa wa sekta ya kati, pale ambapo kampuni ilitaka kuingia. Alizuia kazi ambazo hazikuwa na ruhusa, akakusanya ushahidi kwa siri, na Septemba 2013 alikamatwa. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira.

Nje ya nchi pia sauti zilipanda. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilisema kwamba inapinga utafutaji wa petroli ndani ya Virunga, ingawa kampuni ilikuwa ya kwao. Mwaka 2013 Total iliahidi kutoingia ndani ya mbuga. Oktoba mwaka huo WWF ilipeleka mashtaka juu ya SOCO kwenye ofisi ya Uingereza inayosimamia kanuni za OECD kwa makampuni.

Mwaka wa 2014

Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa mbuga, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rumangabo. Alipona. Kampuni ilisema haina mkono katika jambo hilo. Mwezi uleule vipimo vya mitetemo vilianza juu ya Ziwa Edward, chini ya ulinzi wa askari.

Juni 2014 Human Rights Watch ilitoa taarifa juu ya watu waliokamatwa, waliotishwa na waliopigwa kwa sababu ya kusema dhidi ya petroli. Mwaka uliofuata Global Witness ilionyesha hati za malipo ya dola 42,250 kwa ofisa wa jeshi aliyekuwa akishughulika na ulinzi wa kazi hizo. Kampuni ilikana kosa. Julai 2015 Kanisa la Anglikana la Uingereza liliuza hisa zake zote katika SOCO.

Tarehe 11 Juni 2014 kampuni na WWF zilitoa tamko la pamoja: SOCO haitachimba kisima ndani ya Virunga. Goma watu walifurahi. Lakini wenye kusoma polepole waliona maneno ya mwisho: isipokuwa UNESCO na serikali ya Kongo zikikubaliana kwamba uchimbaji hauharibu hadhi ya urithi wa dunia. Vipimo vya ziwani viliendelea mpaka Julai. Machi 2015 waziri mkuu Matata Ponyo akasema serikali inataka kuzungumza na UNESCO kuhusu mipaka ya mbuga. Mwishoni mwa 2015 SOCO ikatangaza kwamba haina tena leseni hiyo. Hakuna kisima kilichochimbwa.

Mlango haujafungwa

Kama hadithi ingeishia hapo, tungepiga vigelegele. Lakini Agosti 2015 Kongo ilipata sheria mpya ya petroli na gesi, nayo iliacha njia: eneo lililolindwa linaweza kuondolewa hadhi kwa sababu ya manufaa ya umma. Mwaka 2018 baraza la mawaziri lilikubali kutayarisha kuondoa hadhi ya sehemu za Virunga na za Salonga. Kwa Virunga zilitajwa kilomita za mraba zaidi ya 1,700. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi, na baadhi yake zilifika ndani ya Virunga. Oktoba 2024 mnada wa bloki za petroli ulifutwa. Mwaka 2025 ikaja orodha mpya ya bloki 52, safari hii katika bonde la kati la nchi.

Angalieni mfululizo huo. Kampuni ilienda, lakini swali lilibaki. Kilichoanzishwa kwa amri ya mfalme kinaweza kupunguzwa kwa agizo la serikali. Kila mara petroli ilipozuiwa, nguzo ya mpaka haikuizuia. Ilizuiwa na mtu aliyeomba kuona karatasi: waziri aliyesoma uchunguzi, mlinzi aliyedai ruhusa, mvuvi aliyeuliza nani atalipa samaki wakifa.

Na wale waliopinga wana deni mbele ya raia. Kusema hapana kwa petroli bila kusema ndiyo kwa kitu kingine ni kumwambia mwenye njaa asubiri. Kituo cha umeme cha Matebe, katika Rutshuru, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2015 kwa nguvu ya maji yanayotoka mbugani, kilikuwa jibu moja. Kilionyesha kwamba mbuga inaweza kuwasha taa na kinu cha unga. Lakini jibu moja halitoshi kwa watu wote waliopoteza mashamba, na vita vimefanya hata hilo kuwa gumu.

Kwa hiyo neno letu kwa familia zilizohamishwa ni hili. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Siku hizi wavuvi wengi, wakulima wengi na machifu wengi wa Rutshuru hawako kwao. Ikiwa kesho itatangazwa bloki mpya au mpaka mpya, wataalamu watafika kijijini wakute nyumba bila mtu, na wataandika kwamba hakuna aliyepinga. Hifadhini karatasi za mashamba na za uvuvi. Andikeni majina ya jirani zenu, mpaka wa shamba umepita kwenye mti gani au kijito gani, nani alikuwa chifu wa kijiji. Wanaowakilisha wahamishwa waombe kusikilizwa kabla ya uamuzi wowote juu ya ardhi ya mbuga na pembeni yake, hata kama wanaishi chini ya hema. Aliyekimbia risasi hakutia sahihi ya kuuza ziwa lake.