Mzinga: wa nyuki na wa ndege

Ukitoka Manyoni kuelekea Itigi, inua macho mitini. Utaona magogo yaliyotobolewa katikati, yakining'inia matawini kusubiri nyuki. Hiyo ni mizinga. Silaha inayopigwa mara 21 kumlaki rais mgeni nayo ni mzinga, na kiwanda cha silaha kule Morogoro kinaitwa Shirika la Mzinga. Umbo ni lilelile: mwanzi mnene, wazi ndani. Tofauti ni kinachotoka.

Nalitaja neno hili kwa sababu wafasiri wetu wa habari za Vita Kuu ya Pili huziita silaha zote za ndege za pangaboi "bunduki". Hapo maana hupotea. Mwaka 1940, Spitfire ya Uingereza ilibeba bombomu 8 za milimita 7.7. Kila moja ilitema risasi kama 1,150 kwa dakika, lakini risasi ya gramu 11 hutoboa tu. Messerschmitt Bf 109E ya Ujerumani ilikuwa na bombomu 2 na mizinga 2 ya milimita 20, ambayo risasi zake hulipuka zikigonga. Waingereza nao wakafunga mzinga wa Hispano: risasi 600 hivi kwa dakika, kila moja ikikaribia gramu 130.

Basi tuandike hivi: bombomu hutoboa, mzinga hubomoa. Ajabu ni kwamba anayeuma kama kundi la nyuki ni bombomu, si mzinga.

Na rafiki akikupiga mzinga mwisho wa mwezi? Huo hutoboa mfuko.