Sokwe wa Rubondo: Kutoka Vizimba vya Ulaya hadi Mabungo ya Ziwa Victoria

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko. Mazungumzo ya mkoa wa Geita yamebaki yaleyale: daraja, dhahabu, bei ya dhahabu. Rubondo hutajwa mara chache, hata na watu wa Geita wenyewe ambao kisiwa hicho kimo mkoani kwao, achilia mbali jirani zao wa Shinyanga na Kahama. Lakini mwaka 2026 kinatimiza miaka 60 tangu kipokee wageni wa ajabu kuliko wote waliowahi kushushwa kwenye fukwe za ziwa hili: sokwe waliotolewa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya.

Mwenye wazo hilo alikuwa Bernhard Grzimek, Mjerumani yule wa Serengeti. Watanzania wengi wanamjua kwa filamu yake ya mwaka 1959 iliyompatia tuzo ya Oscar, na kwa kaburi lake na la mwanawe Michael ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kwao alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, kwa hiyo maisha ya sokwe nyuma ya nondo aliyajua vizuri kuliko wengi waliokuwa wakiyalaani. Rubondo ilimfaa. Ni kisiwa cha takriban kilomita za mraba 240, chenye msitu mnene, kisicho na simba wala chui. Mwaka 1965 kilikuwa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa.

Watu walikuwepo. Wazinza wapatao 400, wavuvi na wakulima, walihamishiwa visiwa jirani na bara ili kuwapisha wanyama. Maandishi ya uhifadhi huwapa mstari mmoja kisha yanaendelea na safari, kana kwamba kisiwa kilikuwa kitupu kikisubiri tembo. Baada ya hapo ikawa kama safina ya Nuhu: faru weusi 16, twiga 12, tembo sita, korongo, mbega na suni. Faru walimalizwa na majangili, korongo nao wakatoweka. Twiga na tembo wakazaana.

Habari ya sokwe ni ndefu zaidi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walifunguliwa 17, kwa makundi manne. Wote walikuwa wamezaliwa porini, wengi wao Afrika Magharibi, wakakamatwa na kuuzwa Ulaya. Kuna aliyekaa kifungoni miezi mitatu na nusu tu, na kuna aliyekaa miaka tisa. Hawakupewa mafunzo yoyote kabla ya kuachiwa. Siku hizi jambo hilo lingeitwa uzembe, maana vituo vya kuwarudisha sokwe porini huwaandaa kwa miaka kabla ya kuthubutu kufungua mlango.

Ugumu ulianzia kwenye chakula. Mtoto wa sokwe hukaa na mama yake miaka mingi akimtazama: anachuma nini, anaacha nini, anarudi mti gani msimu upi. Elimu hiyo ndiyo waliyonyang'anywa hawa siku walipokamatwa. Bustanini waliletewa chakula kwa saa, tayari kuliwa. Sasa chukua bungo, tunda ambalo watu wa Tanga na Unguja hulifanya juisi. Huning'inia kwenye mmea unaopanda juu ya miti mikubwa. Ganda lake ni gumu, lazima lipasuliwe, na likipasuliwa hutoa utomvu mweupe unaonata vidoleni. Ndani mna mbegu zilizovikwa nyama ya rangi ya machungwa, kali ya uchachu mpaka iive sawasawa. Aliyekulia ndizi za kupewa mkononi atajuaje kwamba kile nacho ni chakula?

Kwa miezi miwili hivi ya mwanzo walisaidiwa kwa chakula, kisha wakaachwa wajitafutie. Na hapa pana kichekesho cha historia. Miaka hiyohiyo, huko Gombe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Jane Goodall alikuwa akifanya kinyume chake: sokwe wa porini walikuwa wakivutwa kwa ndizi ili waangaliwe kwa karibu. Ndizi zikaleta msongamano na ugomvi kambini, ikabidi ugawaji upunguzwe, na ulikuja kukomeshwa kabisa mwaka 2000. Nchi ileile, muongo uleule, sokwe wa ziwa moja wanafundishwa kula cha binadamu na wa ziwa jingine wanaachishwa.

Kuachishwa huko hakukuwa kwa amani. Wanyama waliozoea watu hawawaogopi watu, na dume la sokwe aliyekomaa ana nguvu za kumvunja mtu mifupa. Madume wawili waliwashambulia binadamu, wakapigwa risasi. Wanaoisimulia Rubondo kama mafanikio matupu hupenda kulipita jambo hilo haraka. Mimi naona ndilo linaloeleza gharama. Dume anayemwendea mtu bila woga amefundishwa na watu wenyewe, na adhabu ya somo hilo ikamwangukia yeye.

Waliobaki walijifunza. Markus Borner, Mswisi aliyefanya kazi Rubondo kwa niaba ya shirika la uhifadhi la Frankfurt, aliandika habari zao katika jarida la Oryx mwaka 1985. Katika muda wa mwaka mmoja hivi sokwe walikuwa wanajitafutia chakula cha msituni na kujenga viota vya kulalia juu ya miti. Pengine waliokamatwa wakubwa kidogo walikumbuka, na wasiokumbuka wakawaiga. Taratibu wakaacha kuwafuata watu, kisha wakaanza kuwakimbia. Liza Moscovice na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2007, walikuta matunda ya mimea inayopanda juu ya miti yana nafasi kubwa katika mlo wao, bungo likiwa mojawapo.

Tangu hapo idadi imepanda. Hesabu ya viota iliwahi kutoa makadirio ya sokwe wapatao 40. Miaka ya karibuni shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na wenye kambi ya wageni wamekuwa wakiwazoesha sokwe kuonwa na watalii, kazi ya miaka, kwa sababu sasa inabidi wafundishwe upya kutomkimbia mtu. Mgeni anaweza kupanda boti Kasenda, akatembea msituni kutwa nzima na kurudi na picha za viota tu. Vipeperushi vingesema hivyo waziwazi badala ya kuahidi nyuso za sokwe.

Ubishi uliobaki ni wa wanasayansi. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na Josephine Msindai na wenzake ulithibitisha asili ya Afrika Magharibi na kuonyesha kwamba damu za jamii tofauti zimechanganyika kisiwani. Sokwe wa Gombe na Mahale ni wa jamii ya mashariki. Wapo wanaosema wa Rubondo hawakupaswa kuletwa kabisa, na kwa kanuni za leo wana hoja. Lakini wajukuu wa wale 17 wamezaliwa hapa na hawajui kwingine. Kuwapeleka Gombe ni kuharibu damu ya sokwe wa huko. Kuwarudisha Afrika Magharibi hakuna anayejitolea kulipia. Kwa hiyo uhai wao unategemea kisiwa kimoja, kilichozungukwa na wavuvi wengi, katika mkoa ambao bajeti na vichwa vya habari vyake huanza na dhahabu.