Ahmedabad: Mji wa kale ambao turathi yake imo majumbani mwa watu

MNAMO Julai 2017, mji mkongwe wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat magharibi mwa India, uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya shirika la UNESCO. Ulikuwa mji wa kwanza wa India kutunukiwa hadhi hiyo. Heshima hiyo haikutolewa kwa jengo moja mashuhuri, bali kwa mji wote wa kale pamoja na nyumba ambazo watu wangali wanaishi humo.

Ahmedabad uliasisiwa mwaka wa 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Karibu na ngome ya Bhadra lipo lango la Teen Darwaza, yaani Malango Matatu, na mbele yake msikiti wa Ijumaa, Jama Masjid, uliokamilika mwaka wa 1424. Nguzo zake zipatazo 260 zina nakshi zinazokumbusha mahekalu ya Wahindu na Wajaini, kwa kuwa mafundi walikuwa wa papo hapo.

Mkono wa Mhabeshi

Jengo linaloutambulisha mji huo zaidi ni dogo: msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka wa 1573, wakati mfalme Akbar alipokuwa akiiteka Gujarat. Mwenye kuujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo katika utumishi wa masultani. Madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa mfano wa kimia, na moja lina umbo la mti ambao matawi yake yamesokotana. Umbo hilo leo ni alama ya mji.

Gujarat ilisifika kwa nguo, ambazo zilisafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya ukoloni. Kiwanda cha kwanza cha nguo mjini Ahmedabad kilianza kazi mwaka wa 1861. Mahatma Gandhi aliweka makao yake mjini humo mwaka wa 1915 baada ya kurejea kutoka Afrika Kusini, na mnamo Machi 12, 1930 aliondoka huko kwa miguu kuelekea Dandi, pwani, kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza.

Maisha ya mtaani

Hata hivyo, moyo wa mji wa kale ni mitaa iitwayo pol. Kila pol ina lango lake, vichochoro vyembamba na nyumba za mbao zilizonakshiwa, zikiwa zimebanana ukuta kwa ukuta. Ndani ya nyumba nyingi mna ua unaopitisha hewa na mwanga, na chini yake birika la kuhifadhi maji ya mvua. Mitaani kumesimamishwa vijumba virefu vya kulishia ndege. Kila Januari 14, siku ya Uttarayan, wakazi hupanda mapaani kurusha tiara.

Turathi hii ndiyo iliyo hatarini. Misikiti na makaburi ya masultani hulindwa na serikali, lakini nyumba ya mbao humtegemea mwenyewe. Ukarabati ni ghali, warithi ni wengi, na familia nyingi zimehamia ng'ambo ya magharibi ya mto kutafuta nafasi na njia za magari. Nyumba ikibaki tupu, mchwa na mvua huimaliza. Ama hubomolewa ili pajengwe duka au ghala.

Baraza la mji limejaribu kuzuia hali hiyo. Tangu Novemba 1997 huongoza wageni kwa matembezi kutoka hekalu la Swaminarayan, Kalupur, hadi Jama Masjid. Aidha, liliweka utaratibu unaomwezesha mwenye nyumba ya kale anayeihifadhi kuuza haki ya ujenzi asiyoitumia, fedha zikamsaidia kuikarabati.

Hadhi ya mwaka wa 2017 haikukomesha ubomoaji. Jiwe la Sidi Saiyyed limedumu zaidi ya miaka 400 kwa kutunzwa na kutazamwa. Nyumba za pol hazitadumu kwa kutazamwa tu. Zinahitaji watu wa kuzikalia.