Waliolala Kariokor kwa Ajili ya Ng'ombe

Kariokor unaijua kwa viondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Lakini mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wazee, akina mama na watoto, walitoka Machakos wakapiga kambi hapo kwa wiki kadhaa. Walitaka kitu kimoja tu: gavana, Robert Brooke-Popham, aje awaeleze kwa nini ng'ombe wao wanachukuliwa kwa nguvu.

Stori ya serikali ilikuwa fupi. Ukambani kumekuwa vumbi, mifugo imezidi, basi ipunguzwe. Ng'ombe walinadiwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinawangoja pale Athi River.

Vumbi lilikuwepo, tusidanganyane. Swali ni nani alilileta, na hapo lazima tuongee nyasi.

Nyasi huchipuka kutoka chini, karibu na udongo. Ng'ombe akikata juu, mmea bado una pa kuanzia. Samadi inaanguka, jua linafikia machipukizi, mvua ikinyesha kunarudi kijani. Hata kuziacha bila kuliwa kabisa ni shida, maana majani makavu hurundikana yakaziba yale mapya. Kule Mpala, Laikipia, watafiti wamezungushia viwanja ua tangu 1995 ili kulinganisha nani akila nini kunatokea nini. Matokeo waliyochapisha 2011 yalionyesha kwamba kiangazi wanyamapori hunyang'anyana chakula na ng'ombe, lakini wakati wa mvua ng'ombe waliolisha nao waliongeza uzito zaidi, kwa sababu wanyama hao walipunguza mabua makavu.

Kinachoua nyasi ni kukatwa tena na tena kabla hazijapona. Mizizi inadhoofika, udongo unabaki uchi, na maji ya mvua yanateleza badala ya kuzama.

Mfugaji anajua hilo, ndio maana huhama. Sasa Wakamba wangehamia wapi? Vilima vya Mua vilikuwa vya walowezi, na malisho ya Yatta serikali ilishayaita yake. Unafungia watu chumba kimoja, halafu unawalaumu kwa kubanana.

Gavana hakuja Kariokor. Alikutana nao Machakos mwezi wa Agosti. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka kuisha, serikali ilikuwa imeacha kuchukua mifugo kwa lazima.

Ukame ukikaza, kama 2009 na 2017, ng'ombe wa Wamaasai huingia hadi mjini kutafuta majani kando ya barabara. Sisi tunapiga honi na kusema wamemaliza malisho kwao. Lakini Kitengela, walikokuwa wakipitisha mifugo, imekatwakatwa ploti za hamsini kwa mia zenye ua na geti. Na wanunuzi wengi wametoka hapa hapa Nairobi.